Risala ya Kikundi cha Wanawake kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Mama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Kikundi chetu kilianza kwa upatu wa vyombo; leo kina viti 50 vya kukodisha, masufuria mawili makubwa, na elimu ya uzazi iliyopenya kila kitongoji. Mafanikio ni mengi, tusikuchoshe.

Mheshimiwa, shida yetu ni moja. Mwanamke akifika zahanati kuomba ushauri kabla ya kubeba mimba, huambiwa arudi akishaipata. Wengi hurudi mwezi wa nne au wa tano wa mimba. Lakini mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, mara nyingi mama hajajua hata kama ana mimba; usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana asidi ya foliki, aina ya vitamini B, miligramu 0.4 kila siku, huanzwa angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. FEFO, yaani vidonge vya madini chuma na foliki, ikianzwa mwezi wa tano huongeza damu. Mgongo wazi haiuzibi. Unga uliorutubishwa kwa foliki nao hautufikii, kwani mahindi tunasaga wenyewe mashineni.

Tunaomba Alhamisi mchana iwe ya wasio wajawazito: wapimwe presha, sukari, kaswende, VVU na wekundu wa damu. Mwenye kifafa amwone daktari dawa zake ziangaliwe kabla ya mimba, asiziache mwenyewe. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi apewe rufaa, dozi yake ya foliki ni kubwa zaidi. Kwa wanawake 40, vidonge 90 vya foliki kila mmoja, ni 3,600. Viagizwe mbali na mgao wa wajawazito, na lebo isomwe, maana vipo vya miligramu 0.25 ambavyo havitoshi.

Mashine ya wekundu wa damu iliahidiwa mwaka juzi tukapiga vigelegele, ikaahidiwa tena mwaka jana. Ilifika, tunashukuru sana, na kopo moja la vibao vya kuchukulia tone la damu. Kopo lilibaki wazi, unyevu ukaviharibu. Mashine imefunikwa kitambaa juu ya kabati. Hatuombi nyingine, Mheshimiwa. Tunaomba vibao kila mwezi, na ahadi ya leo iandikwe kwenye kitabu cha wageni, pamoja na tarehe, kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.