Wawili wanahitaji chombo kidogo

Ndugu Mhariri,

Mimi na mke wangu tunaishi Moshi, mbali na maji ya chumvi, lakini tumeamua kununua chombo cha kutembelea pwani kati ya Tanga na Pangani, na nawashauri wenye nia kama yetu waiogope boti ya injini kubwa, kwani petroli itawamaliza mapema. Tulichagua mashua ndogo ya tanga moja, ambayo tumbo lake haliingii sana majini, maana wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa sana, bahari ya huko hupwa zaidi ya mita 3. Ngalawa ni nafuu zaidi, ila haina pa kulala wawili. Tulipoikagua mashua hiyo, mke wangu alichokonoa kwa ukucha kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, pamba ikatoka imeoza. Muuzaji akapunguza bei papo hapo.

Msomaji wenu,
Moshi