Magitaa ya D'Angelico yasifungiwe

Mhariri,

Inaniuma kuona magitaa ya jazi yaliyochongwa kwa mkono yakinunuliwa na kufungiwa kama hati za hisa. Fundi wa magitaa hayo, John D'Angelico, alifungua karakana yake New York mwaka 1932, akachonga hadi alipofariki 1964. Katika miaka yote hiyo alitoa magitaa elfu moja na ushei tu. Mbinuko wa uso wa gitaa hutokana na patasi na randa ndogo: fundi huchonga ubao mnene wa sprusi, huugonga kwa kidole, husikiliza, kisha hupunguza tena. Mgongo ni wa mbao za mti wa mepo.

Kabati lililofungwa halilindi chochote. Seluloidi ya zamani, yaani plastiki ya kale ya kibao cha kukinga uso wa gitaa, ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi. Mvuke ukikosa pa kutokea, hula nyuzi na vyuma vilivyopakwa dhahabu; nimeyaona hayo kwenye magitaa ambayo hayakupigwa miaka mingi. Wenye nayo wayatoe, wakikague kibao hicho, na wawape wapigaji. Vanishi ya asili ya magitaa, tafadhali, isiguswe.

Mkusanyaji wa magitaa