Barua kwa vijana walioniuliza posho penye kidaraja

Wajukuu zangu wa kitongoji chetu,

Salamu zenu. Barua hii nimeshaichana mara mbili. Ya kwanza ilijaa matusi, ya pili ilikuwa ya kubembeleza, na mimi si mtu wa kubembeleza. Hii ya tatu mtaipokea ilivyo. Naisema kwa mdomo, binti wa mwanangu anaiandika kwenye simu yake, na ameshanikatiza mara moja kuniomba nipunguze ukali. Sipunguzi.

Jumamosi ile mlikuwa 23. Niliwahesabu. Ndiyo tabia niliyotoka nayo jeshini: watu wakifika unahesabu, wakiondoka unahesabu tena. Mvua ilikuwa imezoa magogo mawili ya kidaraja cha kijitoni, watoto wa shule wakawa wanavuka juu ya gogo moja lenye utelezi, viatu mkononi. Nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji atangaze. Mkaja, wengine na pikipiki zenu, nikafurahi kama mtoto. Kabla jembe halijashuka begani, mmoja wenu akauliza, "Babu, posho shilingi ngapi?"

Nikasema posho hakuna, kuna ndizi na maharage, bibi yenu ameshainjika sufuria. Mkatazamana. Mmoja akasema ana abiria anamsubiri Kyaka. Mwingine akapokea simu, ingawa mimi sikuisikia ikilia. Ilipogonga saa nne tulikuwa tumebaki wazee wanne na magogo ya mkaratusi, na kijana wetu kati ya hao wanne ana miaka 61. Magogo yakatushinda, tukayaacha pale ukingoni.

Jumatatu yake binti wa darasa la tatu akateleza. Maji yalimfika kifuani, namshukuru Mungu hayakuzidi hapo. Alitoka mwenyewe akitetemeka. Madaftari yake niliyaanika mimi juu ya majani ya mgomba, moja moja, na wino ulikuwa umekimbia wote, kurasa zimebaki bluu tupu. Alikuwa ananiuliza kama mwalimu atamwelewa.

Alhamisi tulimaliza, kwa kuazima ng'ombe wa kukokota. Na wiki iliyofuata kiongozi alipokuja kutazama, nani walikuwa mstari wa mbele? Ninyi. Simu juu, tabasamu, na mmoja akatangaza kwamba "sisi vijana tumejitolea". Nilikuwa nyuma yenu, nimeegemea fimbo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, zaidi hata ya posho.

Sasa niwaeleze kwa nini daraja linaniuma namna hii. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka, nilikuwa na miaka 22, nalima kibanja cha baba yangu huku kusini ya mto Kagera. Siku chache baadaye wakalipua daraja la Kyaka. Ninyi mnalipita daraja la pale kila siku na abiria wenu, hata chini hamtazami. Lilipokatika, nchi yetu ilikatika. Amin alikuwa ameshatangaza kwamba mpaka wake sasa ni mto. Shangazi yangu alikuwa ng'ambo.

Mwalimu aliposema redioni kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, tulikuwa tumejazana kwa jirani mwenye redio, wengine wamesimama nje dirishani. Nikaandikishwa mgambo. Jeshi lilipotandika daraja la chuma la muda, nikavuka na wenzangu kwa miguu. Naikumbuka sauti ya mabuti kwenye chuma, na chini yake maji. Ng'ambo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Nyumba hazina milango wala mabati. Kwenye kibanja cha shangazi mikungu ilikuwa imeivia migombani, imepasuka, inaliwa na nyuki. Ndizi za kula watu kumi, na hapakuwa na mtu. Yeye hatukumpata, wala kaburi lake.

Msidhani tulikuwa malaika. Jeshi lilitulisha, na tulinung'unika, hasa sigara zilipokwisha. Tulinung'unika Mutukula, tukanung'unika Masaka, na Lukaya mwezi Machi hatukunung'unika kwa sababu tuliogopa mno. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipoanguka nilikuwa na malengelenge miguuni, nimekaa barabarani nimevua buti. Lakini sikumwona mtu aliyesimama ukingoni mwa Kagera akauliza kwanza bei ya kuvuka.

Niliondoka mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi, nikarudi unaitwa Kagera. Tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, tukafunga, ikazidi. Halafu ukaja ukimwi, ugonjwa tulioubatiza Juliana, na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini wakatambuliwa mkoani kwetu hapa. Watu wakasema askari ndio walioleta. Basi sisi tuliosemwa ndio tuliobeba machela, kwa kuwa wengine waliogopa hata kushika ubao wa kitanda. Niliwahi kuchimba makaburi matatu katika wiki moja, moja la kijana niliyevuka naye mto. Watoto walioachwa tuligawana kama tulivyokuwa tukigawana maji njiani. Baadhi yenu ni watoto wa watoto hao. Sisemi zaidi.

Naomba mniwie radhi, kosa la posho si lenu peke yenu. Tuliwafundisha sisi. Mtu mzima haendi mkutanoni leo bila kuuliza kama kuna karatasi ya kusaini. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa mjini kwenye semina ya uzalendo, nikanywa soda, nikasaini, nikapewa bahasha. Niliichukua! Nikarudi nayo mfukoni nikiona haya, na haya zenyewe zikaisha nilipofika dukani kununua sukari. Na kuna ofisi moja iliyonizungusha na makaratasi yangu ya mgambo miaka na miaka, njoo wiki ijayo, faili halionekani, hadi nikaacha kwenda. Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaketishwa chini ya turubai, tunapigiwa makofi, magari yakishaondoka tunarudi kwa miguu. Wenzangu waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, hata hayo makofi hawayasikii. Kijana akitazama hayo yote akaamua kudai chake mapema, nitamwambia nini?

Nitamwambia kwamba binti wa darasa la tatu hakumnyima mtu posho.

Mengine nayataja tu. Deni la dukani lilipwe kabla ya redio ya pikipiki. Kofia ngumu ivaliwe, na abiria avalishwe. Msipige picha maiti msibani. Mama mjamzito akiita usiku msipandishe nauli. Mkagombana, panga libaki nyumbani.

Na nisiwe mwongo kwa kuwaweka wote kapu moja. Jioni ya Jumamosi ile mmoja wenu alirudi peke yake, giza limeanza kuingia, na misumari ya inchi sita ameifunga kwenye gazeti. Aliniuliza kama mgongo unaniuma. Akanikataza nisimtaje, nami simtaji, ila bibi yenu tangu siku hiyo anamwekea lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Gogo la tatu, upande maji yanakotokea, limeanza kupasuka. Nililikanyaga jana likalia. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, leteni kamba na panga. Misumari imebaki, gogo jipya nimeshalikata na liko nyuma ya nyumba yangu. Posho ni ndizi na maharage. Abiria wa Kyaka asubiri.

Babu yenu