Shoga, kabla hujakata tiketi nisikilize kwanza

Shoga yangu,

Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara mbili. Pole sana kwa bimkubwa, nimemuombea kila swala. Ila pale uliposema unaenda Tanga mpaka mama asimame, hata mwaka, kwa sababu grinikadi yako, hiyo kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, bado ina miaka 7, usingizi uliniruka, ndo maana nakuandikia.

Hiyo tarehe isikudanganye, ni ya kadi kuisha tu, ukaazi wako ni kitu kingine. Mwaka ule baba kapata kiharusi nlikaa nyumbani miezi 11, moyoni najua nitarudi, nikarudi kweli, ofisa pale airport akafungua pasi akahesabu mihuri akaniuliza, wewe unaishi wapi hasa, hapa Marekani au Tanzania? Nikawekwa chumba cha pembeni masaa matatu alafu nikaletewa fomu I-407 nisaini, kwa upole kabisa, eti mambo yaende haraka. Kumbe ile ndo fomu ya kuiachia grinikadi kwa hiari yako! Shoga, arobaini ya baba ilikuwa haijafika, macho yamevimba, sijala tangu Dar, na kalamu nlishaishika. Kilichoniokoa ni dada mmoja wa msikitini aliwahi kuniambia usisaini, sema unataka kuonana na jaji wa uhamiaji. Nikasema hivyo hivyo. Ofisa wa mpakani hawezi kukuvua ukaazi peke yake kama hujasaini, anayeamua ni jaji. Mkobani nlikuwa na mkataba wa nyumba, karatasi za kodi nlizojaza kila mwaka na vyeti vya hospitali vya baba, wakavipekua weee mwisho wakaniachia nipite.

Kwa hiyo usiende hivi hivi. Jaza fomu I-131, uombe kibali cha kurudi, yaani cha kuingia tena Marekani hata ukikaa nje muda mrefu, na lazima uijaze ukiwa bado huku, ukishatoka ndo basi. Subiri uitwe alama za vidole, ukimaliza unaweza kuondoka, kibali unaomba kitumwe ubalozi wa Marekani Dar ukakichukulie pale. Kinakupa mpaka miaka 2. Bila hicho ukapitisha mwaka, kadi peke yake haikurudishi, inabidi uombe viza ya mkaazi anayerejea na uthibitishe kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako, na hapo watu wengi wanakwama.

Najua uraia hutaki kuusikia, nyumbani hawaruhusu uraia pacha kwa mtu mzima, ukiapa huku wa kule umeupoteza, na mimi linaniuma vilevile, niwe mgeni kwenye nchi alikozikwa baba yangu? Lakini ukija kubadili mawazo, wanataka miaka 5 mfululizo, ukikaa nje zaidi ya miezi 6 wanachukulia umeikata mpaka uwaoneshe vinginevyo, ukifika mwaka imekatika, na kile kibali hapo hakikusaidii kitu.

Akaunti ya benki usifunge, na kodi jaza kama mkaazi, asije mtu akakushauri ujaze kama si mkaazi ili ulipe kidogo, hiyo wanaihesabu kwamba umeshahama. Na yule baba anayejiita notari mwenye duka la kutuma pesa usimpelekee karatasi zako tafadhali, notari huku si wakili. Kuna mashirika ya kusaidia wakimbizi na wahamiaji yana watu walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, bei zao zinabebeka.

Jumamosi siingii kazini, nakuja kwako asubuhi na printa yangu tuijaze hiyo fomu pamoja. Tiketi usilipie kwanza. Mama mwambie unakuja, zinaongezeka wiki chache tu, na akiamka leo mpigie umpe salamu zangu.

Wako wa siku zote