Shemeji, kabla hujaingia tena kwenye mbio za baiskeli za milima

Shemeji,

Dada yako ameniambia umejiandikisha tena, safari hii na mwenzako mwingine, na kwamba unataka kujua ubebe nini kwenye kifuko cha chini ya kiti. Mimi hukuniuliza. Ulimuuliza yeye, mtu asiyejua hata gia inavyopandishwa, ukijua wazi atakuja kwangu. Haya, amekuja. Nakujibu hadharani kwa sababu hadithi ya siku ile tulipoingia mbio pamoja na baiskeli yangu ikaharibika umeshaisimulia hadharani, kila tunapokutana ukoo mzima, na kichekesho chake ni mimi.

Nianze na ulichouliza. Beba kiungo cha kufungia cheni, na kiwe cha gia 12 kama cheni yako. Cheni ya gia 12 ni nyembamba kuliko ya 11, na kiungo cha hii hakikai sawasawa kwenye ile. Beba kifaa cha kutolea pini ya cheni. Beba tyubu moja hata kama tairi zako hazitumii tyubu: ile gundi ya majimaji iliyomo ndani huziba tundu la mwiba, haizibi tairi iliyochanwa ubavuni na jiwe. Mitungi ya gesi ni myepesi na hujaza tairi kufumba na kufumbua, ila kaboni dioksidi hupenya mpira upesi kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo tairi uliyoijaza jioni usiiamini asubuhi. Na pampu ndogo, Shemeji. Mtungi ukiisha umeisha. Ile pampu yangu uliyokuwa ukiicheka kwamba ni ya kizee, haijawahi kuisha.

Halafu hanga, kile kipande cha alumini kinachoshikilia dereila, mkono wa nyuma unaohamisha cheni kutoka gia hadi gia, kwenye fremu. Kimefanywa dhaifu makusudi, ili ukigonga jiwe kiharibike chenyewe na fremu ipone. Fremu nyingi zina hanga ya umbo lake, kwa hiyo yako isingenifaa, na sijawahi kukulaumu kwa hilo. Nasema hivi kwa sababu nasikia unadai nilikulaumu. Dada yako ni shahidi.

Ninalokulaumu unalijua.

Pale kwenye mizizi, baada ya kile kipando kirefu. Kijiti kiliingia kwenye cheni, hanga ikapinda, dereila ikajitupa ndani ya spoku, gurudumu likagoma. Nilipiga magoti, nikaifungua dereila, nikaanza kupunguza cheni ili nibaki na gia moja. Mikono nyeusi, jasho linaingia machoni. Wewe ulikuwa umesimama juu yangu na kofia umeivua. Nikadhani unataka kunishikia gurudumu. Ukainama, ukachukua plaisi yangu pale kwenye majani, plaisi niliyokuwa nikiitumia, ukaenda kwenye baiskeli yako ukakata vifungo vya plastiki vya kibao cha namba. Kimoja baada ya kingine, bila haraka. Ukakikunja kibao ukakitia mfukoni. Ukasema, “Yameisha, shemeji. Tusijidhalilishe.” Plaisi ukanirudishia mkononi, kwa adabu kabisa.

Ungekasirika ningeelewa. Ungetukana ningecheka. Ile adabu ndiyo iliyonishinda.

Maana kibao si pambo, na wewe unajua kanuni kuliko mimi. Kwa kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, mshindani hubadilishi baiskeli, na mstari unauvuka na kibao kilekile ulichoanza nacho. Kwenye mbio za wawili wawili, mmoja akitoka, timu imetoka. Kwa hiyo hukujitoa peke yako. Ulinitoa na mimi, kwa plaisi yangu, nikiwa nimepiga magoti.

Na hiyo hoja yako ya Pidcock, kwamba yeye aliharibikiwa na bado akashinda, iache. Ndiyo, Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha kwenye Olimpiki ya Paris 2024, akaachwa nyuma, akarudi akamshinda Mfaransa Victor Koretzky mbele ya mashabiki wa nyumbani kwake Koretzky. Lakini yale yalikuwa mashindano ya mizunguko mifupi, kituo cha ufundi kinarudi kila baada ya dakika chache, na fundi amesimama na gurudumu mkononi. Marathoni ni kilomita 60 hadi 160. Ikikuharibikia katikati ya msitu, fundi ni wewe na huyo uliyekuja naye. Sasa niambie, siku ile nilikuja na nani?

Kuhusu ule mlio wa baiskeli yangu asubuhi, kwa kuwa umeshawaambia wote kwamba ulinionya: ulikuwa mlio wa kebo ya gia. Kebo mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, fundi yeyote atakwambia. Niliikaza pale pale kabla ya kuanza, gia zikapanda zikashuka. Hanga iliyokwishapinda isingenipandisha kile kipando chote bila cheni kuruka, na juu nilifika mbele yako. Mbele yako, Shemeji. Hilo sikusikii ukilisimulia.

Wala haikuwa kweli kwamba baiskeli ile isingefika. Ilifika. Kama mwenzako mpya atapatwa na hayo, mwambie hivi: achague gia ya katikati ya kaseti, lile rundo la magurudumu ya meno nyuma, ili cheni inyooke, na aifunge shokapu ya nyuma, kwa sababu shokapu ikibonyea umbali kati ya krenki na ekseli hubadilika na cheni hukaza au kulegea. Hata hivyo itamsumbua. Meno ya kaseti yamechongwa ili cheni ipande kirahisi, na ikikosa dereila ya kuizuia inapanda yenyewe mpaka inabana kama uzi wa gitaa. Mimi nilikuwa nashuka, naishusha kwa vidole, napanda tena. Vipando nilisukuma kwa miguu. Mteremko niliacha baiskeli ijiendee.

Na mteremkoni, nikuambie kweli, nilikuwa nakukumbuka. Ni wewe uliyenifundisha kushuka nilipokuwa bado nabana breki zote mbili kwa woga na dada yako akitazama. Macho mbele, kiuno nyuma ya kiti, usibishane na jiwe. Nimefundishwa na wengine baadaye, hakuna aliyekufikia. Kama unataka kujua kwa nini nimekaa kimya muda wote huu, ni hapo. Mgeni angenikatia vile vifungo ningeshamsahau.

Basi nikafika. Wazee wa muda walikuwa bado wamekaa mezani, mkeka wa kupima bado umetandikwa, muda wa mwisho haujapita. Kibao changu kilikuwa mbele ya hendeli, kimejaa matope lakini namba inasomeka. Yule mama wa mezani akapekua karatasi, akaniambia timu yetu iliripotiwa kuwa imejitoa kitambo. Wote wawili.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuuliza toka siku ile. Mezani ulisema nini? Ulisema umejitoa, au ulisema tumejitoa? Maana mtu anaweza kukata kibao chake kwa hasira, njaa, kuchoka, nakubali. Lakini kusimama mbele ya meza ukiwa umeshanawa uso, ukanisemea na mimi niliyekuwa bado njiani nasukuma, hiyo ni habari nyingine.

Yawezekana hukusema. Yawezekana waliona kibao chako hakipo wakaandika wenyewe. Nijibu hapa hapa, wasome wote. Au nipigie simu, nitapokea.