Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: dole gumba lililogeuka saini

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Mjumbe mmoja wa baraza la ardhi la kijiji chetu hajui kuandika, wala hajawahi kulificha hilo. Kwenye daftari la kikundi chetu cha hisa, kila Alhamisi, huchovya dole gumba kwenye wino na kuligandamiza mbele ya jina lake. Lakini kwenye muhtasari wa kikao kilichompokonya jirani yetu shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, mama huyohuyo ana saini. Saini ya mwandiko wa kulala, yenye mkia mrefu. Mimi niliyemaliza darasa la saba sina saini nzuri kama ile.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili za kwanza zilipigwa mhuri wa kupokelewa, na hadi leo tunaambiwa zinafanyiwa kazi.

Kikundi chetu hakikuanzishwa kwa ajili ya ardhi. Tulikuwa tunaweka akiba na kukopeshana. Ila kila mwenzetu aliyeshindwa kurejesha mkopo, ukimuuliza vizuri, unakuta shemeji amechukua shamba, au mume ameliuza bila yeye kujua. Tukaona tunatia maji kwenye pakacha. Tukaitafuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, tukawa tunaisoma kifungu kimoja kimoja baada ya kuhesabu hisa. Binti wa sekondari husoma, sisi tunabishana. Kifungu cha 20 tulikirudia mara tatu: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Bibi mmoja akauliza, "Batili ndiyo kusema imefutwa?" Tukamwambia ndiyo. Akacheka, akasema basi aliyeifuta hakupita kijijini kwetu.

Kisha tukafika kifungu cha 60. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao kiwe halali, ni wajumbe 4, na angalau 2 kati ya hao wawe wanawake. Siku ile ya shamba la mjane alikuwepo mwanamke mmoja, naye katikati ya shauri alitumwa kuchemsha chai. Wa pili alikuwa hospitali akiuguza mtoto. Wa tatu, huyu wa dole gumba, alikuwa kwenye palizi, shamba lake na langu yamepakana, nikimwona kwa macho yangu tangu asubuhi. Hakuna aliyekuja kumwita.

Na hata akidi ingetimia, lile baraza kazi yake ni kusuluhisha. Halihukumu. Tangu marekebisho ya 2021 hata baraza la kata halitoi hukumu tena. Asiyeridhika anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa mjane ambaye hakukubali lolote anaambiwaje "mmeshasuluhishwa, toka shambani"?

Najua utaambiwa haya ni mambo ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu walidai kwa mila mwanamke hawezi kuuza. Jaji akasema ubaguzi huo unapingana na Katiba. Hiyo ni miaka 9 kabla ya sheria hii kutungwa, na sisi bado tunasomewa mila ileile.

Tangu shamba la mjane lichukuliwe, mbiu ya mgambo ya kuitisha kikao cha baraza ikilia, watatu wetu wanakwenda hata kama ni msimu wa kazi, na waliobaki wanawashikia majembe. Wanakaa mbele, wanaandika majina ya waliohudhuria na saa kikao kilipoanza. Mara ya kwanza tuliulizwa tumetumwa na chama gani. Mara ya pili, kama waume zetu wanajua tuliko. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza kitu, na kikao kikaahirishwa kwa kuwa akidi haikutimia. Sijawahi kufurahia kikao kuahirishwa kama siku ile.

Tunachoomba hakihitaji bajeti. Mtume mwanasheria wa halmashauri aje na muhtasari wenyewe, si nakala, akae na mjumbe wetu na pedi ya wino, alinganishe. Shauri lirudi lisikilizwe upya wajumbe wakiwa wametimia, na majina yao yasomwe kabla ya neno la kwanza. Mihtasari ibandikwe ubaoni, watu wasome. La haraka zaidi ni hili: mtendaji wa kijiji aandikiwe, shemeji wa mjane asiingize jembe shambani mle. Mvua zimekaribia, na atakayelima msimu huu ndiye atakayesimama mwakani kusema shamba ni lake, mbona mmemwona akivuna.

Mjumbe wetu amesikiliza barua hii ikisomwa mwanzo hadi mwisho. Amerekebisha mahali pamoja (nilikuwa nimeandika alikuwa anavuna, akasema alikuwa anapalilia). Ameweka dole gumba hapa chini, na ameniagiza nikwambie kwamba ukiletewa karatasi nyingine yoyote yenye jina lake na saini, haijatoka kwake.

Katibu, kwa niaba ya wanawake wa kikundi cha hisa