Aliyechanjwa naye huambukiza, watu waambiwe

Mhariri,

Wiki iliyopita hapa Wete kijana wa jirani yangu aliteremka botini kutoka Unguja akiwa na homa na kikohozi, akapitiliza hadi chumbani kwa baba yake, mzee wa kisukari ambaye hata kukaa kitako hawezi. Nilipomwambia atoke kwanza akae barazani, alinijibu kwa adabu: "Bibi, mimi n'shachanjwa korona, sina cha kumwambukiza baba."

Hakujitungia. Mwaka 2021 wengi waliambiwa hivyo: ukishapigwa sindano, umemalizana na korona. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimechanja watoto Pemba hii mpaka wakaniletea wao wana wao. Kauli ile haikuwa sawa, na hasara yake ni kubwa. Mtu akichanjwa kisha akaugua, huona kadanganywa, na siku ya kliniki mtoto humbakisha nyumbani.

Sindano hupigwa begani, na kinga yake hukaa zaidi damuni, ndiyo maana hulinda mapafu. Puani na kooni, kirusi kinakoingilia, kinga ni haba, na miezi ikipita hupungua. Korona nayo haina subira. Siku chache tu imeshazaliana puani, na mtu anaitoa akikohoa au akizungumza, kinga yake ndiyo kwanza inaamka. Surua huchukua kama siku kumi mwilini kabla ya homa kuanza, kwa hiyo kinga huiwahi. Mtoto aliyepata dozi zote mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, ni nadra kuugua surua, seuze kuambukiza. Chanjo si zote sawa, na watu wetu wana akili za kulielewa hilo wakielezwa.

Mahujaji wa 2022 watakumbuka kwamba Saudia ilidai cheti cha chanjo na, juu yake, kipimo cha korona kilichofanywa ndani ya saa 72 kabla ya safari. Chanjo ingekuwa inazuia kila kitu, kipimo kingekuwa cha nini? Marekani waliliona mapema zaidi. Julai 2021, katika mji wa Provincetown, wakaazi wa jimbo la Massachusetts 469 waliambukizwa, na 346 kati yao walikuwa wamekamilisha chanjo. Lakini waliolazwa hospitali ni 5 tu, na hakufa hata mmoja. Kwa hilo la mwisho ndiyo bado nawahimiza watu wachanjwe, wazee kwanza.

Naiomba Wizara ya Afya, na masheha wanaotutangazia, waseme yote mawili kwa pamoja: chanjo inakupunguzia kuzidiwa na kufa, na uliyechanjwa bado unaweza kumpa mwenzio ugonjwa. Na sisi tunaopenda kutazama wagonjwa, tukiwa na mafua tupige simu. Dua inafika, na uji unaweza kuachwa mlangoni.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba